Nimeangalia, Mama

Kasiva alikuwa mwanamke pekee katika steji ile ya boda boda vilimani Mbooni, na wenye kushangaa aliwaacha washangae. Kila alfajiri, yeye akifunga jaketi, binti yake Mbinya wa miaka kumi na miwili aliikagua pikipiki kwa tochi: tairi, cheni, kisha nati za breki. Kazi hiyo Mbinya aliiomba mwenyewe, tena kwa kubembeleza.

Asubuhi moja tochi ilimulika daftari la Sayansi. Kulikuwa na mtihani, na mada ya mwisho ilikataa katakata kumwingia kichwani.

"Jana nati ya breki ya nyuma ilikuwa imelegea, nikaikaza," Kasiva aliita kutoka jikoni. "Umeiangalia kama haijalegea tena?"

"Nimeangalia, Mama."

Hakuwa amegusa hata tairi!

Wakaondoka. Barabara ya kwenda shuleni ilikuwa tambarare, yenye ukungu, na Kasiva alipenda kuwaza kwa sauti akiwa safarini.

"Unajua, abiria wangu haoni mbele," alisema. "Anaona mgongo wangu tu. Mtu na mipango yake yote ya siku, anaukabidhi mgongo! Wakati mwingine jambo hilo hunitisha."

Mbinya alitaka kusema ukweli, lakini akaukumbuka mtihani. Akairudia mada ya mwisho kimoyomoyo.

Langoni mwa shule walimkuta jirani yao Kalunde, amempakata mtoto mwenye homa. Alikuwa akienda kliniki Mukuyuni, chini kabisa ya mteremko. Mbinya akashuka, Kalunde akapanda, pikipiki ikaondoka. Hapo hapo kengele ikalia.

Mbinya alilitazama darasa, kisha akautazama mgongo wa mama yake ukipotelea katika ukungu. Mteremko ule! Na yule mtoto! Akatupa mkoba chini, akakimbia.

Barabara ilizunguka kilima, lakini njia ya miguu ilikata moja kwa moja katikati ya mahindi. Mbinya aliruka matuta, akateleza, akachubuka goti, akainuka. Alikuwa ameshaamua: angefika kwenye kona iliyo juu ya mteremko kabla ya pikipiki, hata kama ni kwa kutambaa. Akaitokea barabara mikono juu.

"Mama, simama! Simama!"

Kasiva akasimama taratibu. "Haiya! Kuna nini?"

"Sikuangalia breki. Nilikudanganya." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nasoma."

Kasiva alizima pikipiki. Alimshusha Kalunde, akatoa spana, akapiga magoti. Nati ya nyuma ilikuwa imekaza. Ya mbele pia.

"Kumbe ni nzima!" Kalunde alisema kwa hasira. "Si umetuchelewesha bure, wewe mtoto!"

"Si bure," Kasiva alijibu. "Mimi sikujua kama ni nzima. Yeye hakujua. Na wewe ulikaa na mtoto wako bila hata kujua kwamba hatujui." Akamgeukia bintiye. "Rudi ukafanye mtihani. Umenikosea sana, Mbinya. Lakini umekuja."

Mwalimu Mwau alimruhusu kuingia bila kumwongezea hata dakika moja. Maswali manne hakuyafikia.

Juma zima Kasiva alizikagua nati mwenyewe, na Mbinya akamshikia tochi. Kumshikia tu! Ilimuuma kuliko kiboko. Hata hivyo hakununa. Kila alfajiri alikuwa wa kwanza kufika kwenye pikipiki, na madaftari yake aliyasoma usiku uliotangulia.

Jumatatu iliyofuata, Kasiva alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akamrushia spana.

Baada ya muda akauliza, "Umeangalia breki?"

"Tairi na cheni tayari. Breki bado, Mama. Ningoje."

Kasiva akatabasamu. "Jibu kama hilo ndilo nililolihitaji siku ile. Kama ni bado, sema bado. Nitakungoja, hata tuchelewe. Lakini ukisema tayari, mimi nalipeleka neno lako mpaka chini ya mteremko, na watu wa wenyewe mgongoni."

Mbinya alikaza nati moja baada ya nyingine, akajifuta mikono, akasimama.

"Sasa nimeangalia."

Kasiva akavaa helmeti na kupanda. Hakuinama kutazama.