Chaki ya Mama Kemuma

Haya yalimpata rafiki yangu Masese, mkulima wa miwa wa Awendo, mwaka wa tisini na sita. Miaka kumi mkewe, mwalimu wa kwaya ya Sabato, alimwomba piano. Miaka kumi Masese alinunua ng'ombe. Mke akachora vibonyezo vya piano kwa chaki juu ya meza ya chakula, akawa anafanyia mazoezi hapo, kucha zikigonga mbao.

"Mama Kemuma, acha hizo kelele!" Masese alikuwa akifoka.

Baada ya mazishi ya mkewe aliifuta meza mwenyewe.

Majuto yalipomzidi, akaenda kumtafutia binti yao Kemuma piano. Ya Rangwe ilikuwa imeingiwa na unyevu, nusu ya sauti zimekufa. Ya Homa Bay, katika chumba chenye giza cha muuguzi mmoja, ililia vizuri.

"Jaribu tu, niko jikoni," muuguzi alisema.

Masese akainama nyuma ya piano kutafuta mchwa. Ndipo akasikia kucha zikigonga mbao. Ko. Ko-ko. Ko.

"Mama Kemuma?"

Zikanyamaza, kama alivyonyamaza mkewe kila alipofokewa.

Akazunguka mbele. Hapakuwa na mtu. Kwenye vibonyezo vyeusi palikuwa na alama za vidole, nyeupe, za chaki.