Bodi Isiyokula Umeme

Kipima umeme kilisoma sifuri, na mashine ilikuwa inawaka.

Fundi alikichomoa ukutani, akakifuta kwa shati, akakichomeka tena. Sifuri. Akajaribu pasi ya mkewe, namba ikaruka hadi wati elfu moja. Akairudisha seva yake mpya, ikasoma sifuri kavu, huku taa yake ya kijani ikipepesa kabatini. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Yeye alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Alikuwa na sababu. Nyumba ile iliishi kwa paneli za jua na betri moja, na betri ile kazi yake kubwa ilikuwa kuendesha mashine ya oksijeni ya baba yake, mzee aliyelala chumba cha nyuma na mapafu yaliyochoka. Fundi naye alikuwa na mtihani wa kazi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kwa mazoezi alihitaji seva ya nyumbani, yaani kompyuta moja inayobeba nyingine nne ndani yake, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Mkewe, mshonaji wa nguo, alimwekea sharti moja tu.

"Fanya utakavyo, ila usile umeme wa baba."

Basi akapekua bodi za kompyuta miezi miwili. Bodi hii ilikula wati kumi tu, lakini kumbukumbu yake kiduchu, ukiibebesha mashine mbili inakwama. Ile ilibeba kumbukumbu tele na ungeweza kuiwasha hata ukiwa safarini, lakini ilikula wati thelathini bila kufanya lolote. Alijaza daftari zima kwa kulinganisha, mpaka mkewe akamtania kwamba hata yeye hakuchaguliwa kwa makini namna ile. Mwishowe muuza kompyuta chakavu akamtolea bodi isiyo na jina la kiwanda wala feni, imeviringishwa kitambaa cheusi.

"Hii haili," alisema, macho chini. "Lakini ukiirudisha sitaipokea."

Fundi akadhani ni maneno ya biashara.

Siku ya pili, saa saba mchana, mkewe aliacha kushona ghafla.

"Mume wangu, kuna nywele zinaungua?"

"Si pasi yako hiyo."

"Pasi sijaiwasha leo."

Fundi akafungua kabati. Moshi hapakuwa. Ila ile bodi isiyo na feni ilikuwa inahema. Ilivuta pole pole, ikakaa kidogo, ikashusha kwa mluzi mwembamba mwishoni, na mluzi ule aliujua, kwa sababu alikuwa ameusikia kila siku kwa mwaka mzima kupitia ukuta wa chumba cha nyuma. Akakimbilia huko, akakuta mashine ya oksijeni inafanya kazi vizuri, betri imejaa, na mzee amelala, kucha zake zimegeuka bluu na miguu baridi kabisa katika joto lile la mchana, na kila mzee aliposhusha pumzi, kule kabatini kitu kikaivuta.

"Mwanangu," mzee alinong'ona, "nani anavuta upande wa pili?"

"Anavuta nini, baba?"

"Pumzi yangu. Kuna mtu ameshika ncha nyingine."

Fundi alirudi kwenye skrini. Mashine alizotengeneza zilikuwa nne. Kwenye orodha zilikuwa tano. Ya tano haikuwa na jina, na kila alipoitazama ilikuwa imenenepa kidogo.

Mkewe hakungoja ushauri wa mtu. Jioni ile ile akaja na mganga, bibi mfupi mwenye mkoba wa chumvi, ambaye aliketi sakafuni mbele ya kabati akasikiliza.

"Ulitafuta asiyekula umeme," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Umempata. Hukuuliza anakula nini."

Bibi akamgeukia Fundi.

"Chomoa kwa mkono wako, maana wewe ndiye uliyemkaribisha. Na usibakize chake chochote humu ndani."

"Nipe dakika kumi, bibi. Nihifadhi kazi yangu kwanza."

Mkewe alimtazama kama hamjui. Lakini watu wa kazi yake hawazimi mashine bila kuchukua nakala. Mkono huenda wenyewe. Akachomeka diski ya nje, akabonyeza "nakili zote", akaitia diski mfukoni. Ndipo akachomoa waya. Kabati lilipiga yowe la mtu mzima anayenyang'anywa sahani, bodi ikapasuka vipande viwili, na bibi akavizika vyote katika chumvi akaondoka navyo.

Kesho yake mzee aliomba chai, akaketi kitandani, akaanza kubishana na redio. Mkewe Fundi alicheka hadi akalia. Fundi naye alifurahi, kwa kweli alifurahi.

Jumatatu akaazima bodi ya rafiki yake, ile aina ya wati thelathini. Mawingu yalipotanda, mashine ya oksijeni ikaanza kulia kwa kukosa nguvu.

"Zima hiyo takataka yako," mkewe alisema, na Fundi akazima.

Zilibaki siku tatu. Mkewe alipotoka kwenda kupeleka nguo za wateja, Fundi aliitoa diski. Skrini ikamwonyesha mashine tano, kila moja na kisanduku cha kuchagua ipi irudishwe. Angeweza kuweka alama nne. Kile kisanduku cha tano alikitazama muda mrefu. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyompandisha joto masikioni, na akajiambia kwamba mzee sasa ana nguvu, siku tatu atazivumilia, na Alhamisi atafuta kila kitu. Akaweka alama ya tano. Dakika moja baadaye ile bodi ya kuazima haikula hata wati moja.

Jumanne adhuhuri, oksijeni ikitoka vizuri na betri imejaa, mkewe alisimama mlangoni.

"Baba hapumui," alisema taratibu.

Kule kabatini pumzi iliendelea, na mluzi wake, mara mbili, mara tatu, kisha ikakoma kwa utulivu, kama mtu aliyeshiba.

Walimzika Jumatano asubuhi. Alasiri, waombolezaji walipoondoka, Fundi alikaa kufanya mazoezi ya mwisho, na mkewe akakaa kwenye cherehani ili mikono isikae bure. Baada ya muda cherehani ikanyamaza.

"Mume wangu, mbona nasikia baridi?"

Kabatini kulikuwa kumeanza kuhema upya, pumzi nyepesi ya haraka haraka, ya mwanamke. Mtihani ulikuwa kesho saa tatu. Fundi akainuka, akapita mbele ya kabati bila kuligusa, akaenda chumbani kumletea mkewe sweta.