Mama Alinifumulia Mshono

Kwetu ni mafundi cherehani. Mama fundi, Kaka fundi, mimi fundi. Hata paka wetu hatembei bila uzi mkiani. Mama ana sheria moja dukani: mshono ukipinda, fumua. Hata kama mteja hauoni. Hata kama umejificha ndani ya bitana. Fumua, anza upya.

Nilipopata mimba, nilishona vinguo vya mtoto mpaka kapu likajaa. Mtoto akazaliwa hapumui. Alikuwa wa kike. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala kwa dawa, sikumwona.

Watu wakaniambia, "Pole, utapata mwingine." Jamani! Kama vile nimesahau mwavuli mahali. Mume wangu ni dereva wa lori. Alikuja, akalia, kazi ikamwita. Mimi nikarudi kwa Mama. Mama akavifunga vile vinguo kwenye mfuko, akauweka juu ya kabati. Hakuna aliyemtaja mtoto tena.

Nikaacha kula. Usingizi ukanikimbia. Nikikaa kwenye cherehani, mkono hauendi. Miezi ikapita hivyo.

"Huo ni uvivu," Kaka akasema. "Kazi zimejaa, wewe umejilaza."

Sikuwa na nguvu hata ya kumjibu. Mimi, ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo wangu!

Mwishowe Mama akanipeleka kliniki ya afya ya akili. Daktari aliniuliza maswali taratibu. Kisha akasema, "Huu si uvivu. Ni ugonjwa, unaitwa sonona. Unatibika." Akanipa dawa, akaniambia nisiziache bila kumwuliza. Halafu akanionyesha chumba cha mwisho. "Pale kuna tiba kwa sanaa. Njoo kila Alhamisi."

Chumba kile kilikuwa na meza ndefu, rangi, udongo wa kufinyanga, ngoma, na maboksi ya vitambaa. Mtaalamu wake tunamwita Dada Rangi, kwa sababu aproni yake haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Anatibu wagonjwa, na pia anafundisha wanafunzi kazi hiyo.

"Mimi sijui kuchora," nikamwambia.

"Na sisi hatutoi maksi," akanijibu. "Kuna mambo mdomo unashindwa kuyatoa. Mkono unaweza kuanza. Chagua unachotaka. Ukitaka kukaa tu, kaa."

Nilikaa tu. Nikaja tena, nikakaa tu. Siku moja mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye vitambaa. Nikachukua kipande cheupe na uzi mwekundu, nikashona kwa mkono. Mshono ukaenda kombo, ukarudi, ukajisokota. Katikati ya kitambaa uzi ukakatika. Nikauacha hivyo hivyo.

Mwanafunzi mmoja akainama. "Uzi mwekundu," akasema. "Hii ni hasira."

"Nyekundu ndiyo iliyokuwa karibu," nikamwambia.

Dada Rangi akamgeukia mwanafunzi wake. "Umemwuliza, au umemwambia? Sisi si wapiga ramli. Mwenye kazi ndiye anayejua maana yake. Mwulize vizuri, na asipotaka kusema, mwache."

Mwanafunzi akaona haya, akaniuliza upya. "Dada, ungependa kutueleza kitambaa hiki?"

"Ni ile siku," nikasema. "Hapa ninaenda hospitali. Hapa uchungu umenishika. Hapa uzi ulipokatika, ndipo waliponiambia."

Nikalia. Kilio cha miezi yote kilitoka pale, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Siku ile nililala usingizi wa kweli.

Kitambaa nilikuwa nimekibeba nyumbani, nikakiacha kwenye meza ya kukatia, pale dukani. Asubuhi nikakuta Mama amekifumua. Amekishona upya kwa cherehani, mshono umenyooka. Amekipiga pindo. Amekipiga na pasi!

"Nimekurekebishia," akasema kwa furaha. "Mkono umeanza kurudi, mwanangu, ila bado unapinda."

Nikakinyakua kile kitambaa. "Mama! Nani amekutuma?"

Kaka akaacha kushona. "Unampigia Mama kelele kwa ajili ya kitambaa? Huko kliniki wanakuongezea wazimu tu. Mtu mzima unachezea vitambaa, na hapa sare za shule zimejaa! Kuanzia leo huendi tena."

"Nitakwenda."

"Nimesema huendi!"

"Kaka, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Funga mlango, nitatokea dirishani. Nisipopona, hutapata sare wala dada. Na yule mtoto alikuwepo! Nilimzaa mimi! Msimfumue!"

Nikachukua wembe, nikakaa sakafuni, nikaanza kufumua mshono wa Mama. Hakuna mtu aliyewahi kufumua mshono wa Mama tangu duka lifunguliwe. Nilipomaliza nikatia uzi kwenye sindano, nikashona upya, kombo vilevile.

Alhamisi ilipofika, Mama alikuwa wa kwanza kujifunga mtandio. "Twende wote," akasema. "Nataka nimwone huyo anayefundisha watu kushona vibaya."

"Shikamoo, mama," Dada Rangi akampokea.

"Marahaba. Binti, mwanangu ni fundi. Mbona unamwacha aharibu kitambaa?"

"Mama, dukani mshono ni wa mteja, lazima unyooke. Hapa mshono ni wa mgonjwa. Anautumia kusema yaliyomkaa moyoni. Ukimnyooshea, umemfunga mdomo."

"Na hilo litamponya?"

"Si peke yake. Kuna dawa, kuna daktari, kuna chumba hiki. Na kuna ninyi wa nyumbani. Anawahitaji mmsikilize bila kuogopa." Akamsogezea boksi la vitambaa. "Na wewe, mama, siku ile ulikuwa wapi? Ukipenda, ishone."

Mama akacheka. "Mimi nashona tangu hujazaliwa." Akatia uzi. Mshono ukaanza kwenda, umenyooka, mzuri. Halafu mkono ukasimama.

"Nilimbeba," akasema, hamtazami mtu. "Ulikuwa umelala. Nesi akanipa, nikambeba. Alikuwa na vidole virefu. Nikasema, huyu angekuwa fundi."

Sindano ikaenda kombo. Mama akaitazama. Hakufumua.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Niliogopa nitakuvunja."

"Nilikwisha vunjika, Mama. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Akanishika. Tukalia wote wawili, mafundi wazima, mbele ya wanafunzi. Na walie nao kama wanataka.

Sasa niko kwenye cherehani yangu. Dawa ninakunywa bado. Kuna asubuhi nzito, na siku hizo nasema, sijifichi. Alhamisi Kaka anashona sehemu yangu ya kazi huku akinung'unika. Acha anung'unike, mradi anashona. Ule mfuko umeshuka kutoka juu ya kabati. Mtoto tunamtaja.

Na wewe unayesoma, ukimwona mtu wako hali chakula, halali usingizi, kazi aliyoipenda imemshinda, usimwite mvivu. Mpeleke kliniki. Akileta nyumbani kitu alichokifanya kwa mkono wake, usikirekebishe. Mwombe akueleze, kisha funga mdomo usikilize.

Vitambaa vyetu viwili tumevitundika ukutani, juu ya meza ya kukatia. Juzi mteja mpya alivitazama, akacheka. "Fundi, mbona hii mishono imepinda? Na nyinyi mnavyosifiwa mtaani!"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ndivyo ilivyokuwa," akamwambia. "Haya, nyanyua mikono nikupime kifua."