Siku Saba za Mtambo wa Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kauane alikuwa na kazi moja ambayo watoto wengine wa mtaa wao hawakuwa nayo: kumsomea bibi yake. Bi Lindalva alijua kuandika jina lake tu, na hata hilo aliliandika pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi zenye utelezi. Mengine yote yalipitia kwa Kauane. Alisoma bili ya umeme, tangazo la kanisa, karatasi ya dawa ya presha, na ujumbe wa simu kutoka kwa mama yake aliyefanya kazi mjini Recife na kurudi kila mwisho wa mwezi. Alisoma huku akitafuna kuskusi ya mahindi na yai, na bibi alisikiliza huku akizifunga chapati zake za muhogo katika kitambaa cheupe, tayari kwenda kuziuza kwenye lango la zahanati.

"Kauane wangu asiposoma, mimi ni kipofu," bibi aliwaambia majirani, tena kwa fahari.

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, alasiri, mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanaume mwenye shati lililonyooshwa vizuri, kitambulisho kikining'inia shingoni na boksi kubwa miguuni.

"Habari za mchana, mama. Naitwa Genivaldo. Tunapima maji ya mtaa huu. Ni bure, dakika tano tu."

Neno bure lilimfungulia mlango. Genivaldo aliomba glasi mbili. Moja aliijaza maji kutoka kwenye mtungi wa udongo ambao bibi alichujia maji ya kunywa. Nyingine aliijaza kutoka kwenye chupa yake. "Haya yametoka kwenye mtambo wetu wa kusafisha maji," alisema. Kisha alichovya vyuma viwili katika glasi ya kwanza na kuviunganisha na umeme. Maji yakaanza kuchemka kwa mapovu. Yakawa ya manjano, kisha ya kahawia, na juu yakaelea povu zito kama matope ya mtaro. Alipochovya vyuma hivyo katika glasi ya pili, maji yalibaki meupe kabisa.

Bibi aliweka mkono mdomoni. "Mama yangu! Na huyu mtoto anakunywa haya kila siku?"

"Sitaki kukutisha, mama," alisema Genivaldo, na sauti yake ilikuwa ya kutisha. "Ila figo za mtoto hazina akiba."

Hapo bibi alikwisha. Genivaldo alitoa mkataba wa kununua mtambo, karatasi nne zilizojaa maandishi, akaweka kalamu juu yake. Bibi akazisukuma kwa mjukuu wake. "Nisomee."

Kauane alichukua karatasi, lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Katika ukumbi wa mtaa, kinanda cha kodiani kilikuwa kimeshaanza kulia. Ilikuwa siku ya mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, naye alikuwa amechaguliwa kucheza mstari wa mbele. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, haraka haraka, mpaka katikati. Kurasa nyingine alizifunua tu kama mtu anayepepea moto.

"Na huku nyuma wanasemaje?" bibi aliuliza.

"Ni yale yale, bibi. Ni sawa."

Bi Lindalva akaandika jina lake, herufi baada ya herufi. Akaingia chumbani, akarudi na fedha za malipo ya kwanza, alizoziweka kwa miezi ndani ya kopo la biskuti. Genivaldo akaacha boksi, akaondoka akipiga mluzi. Kauane naye akakimbilia ngoma.

Kesho yake, katika kipindi cha sayansi, Kauane aliwasimulia wenzake habari za maji ya kahawia, na darasa zima likashika matumbo kwa kinyaa. Mwalimu Ednaldo peke yake ndiye aliyetabasamu kwa uchungu. Aliingia stoo, akatoka na misumari miwili ya chuma, nyaya, betri kubwa na chupa ya maji safi yaliyotengenezwa katika maabara.

"Haya ni maji safi kuliko yote mtakayoyaona maishani," alisema. Akachovya misumari iliyounganishwa na betri. Maji yakabaki meupe. Kisha akatia chumvi kidogo, kiasi cha kuchota kwa vidole viwili. Baada ya muda mfupi maji yakawa ya kahawia, na povu likaelea juu.

"Chumvi ni uchafu?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu!"

"Ile kahawia ni chuma cha misumari kinachoshika kutu kwa nguvu ya umeme. Maji ya kunywa yana chumvichumvi kidogo, kwa hiyo umeme unapita. Maji haya ya maabara, kama yale ya chupa ya muuzaji, hayakuwa nayo mpaka nilipotia. Kauane, bibi yako amenunua?"

Kauane aliitikia kwa kichwa. Alihisi kama ameimeza misumari ile.

Jioni alizitoa zile karatasi nne na kuzisoma, safari hii mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu ulisema malipo yangekatwa kwenye pensheni ya bibi kila mwezi kwa miaka mitatu. Ukurasa wa nne, kwa maandishi madogo kama sisimizi, ulisema mnunuzi hawezi kurudisha mtambo boksi likishafunguliwa. Na boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Mtambo ulikuwa umekaa juu ya meza, umevishwa kitambaa cha maua.

Alimweleza bibi kila kitu: misumari, chumvi, miaka mitatu. Neno moja aliliacha mpaka mwishoni. "Bibi, jana sikusoma. Nilisema ni sawa bila kujua. Nilikuwa nawahi ngoma."

Bi Lindalva hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Kesho tutawapigia simu."

Ndipo danadana zilipoanza.

Alhamisi walipiga simu kwenye kampuni. Sauti ya mashine ikasema: ukitaka kununua, bonyeza moja, ukitaka kumshawishi rafiki anunue, bonyeza mbili. Ya kurudisha haikuwapo. Walibonyeza moja. Msichana mwenye sauti tamu aliposikia neno kurudisha, akasema, "Subiri nikuunganishe na kitengo husika," na muziki ukapigwa mpaka simu ikakatika. Walipiga tena. Muziki. Walipiga tena. "Samahani mama, mtandao wetu una hitilafu, jaribu baada ya saa moja." Baada ya saa moja, muziki ule ule.

"Wimbo huu nimeshaujua wote," bibi alifoka. "Wananiuzia mtambo au wananifundisha kuimba?"

Ijumaa walimpata mwanaume mmoja. "Boksi limefunguliwa? Basi halirudi. Someni mkataba wenu," alisema, akakata. Jumamosi walimpigia Genivaldo mwenyewe. "Haloo? Nani? Hamsikiki, niko barabarani!" alipiga kelele, lakini nyuma yake haikusikika hata gari moja. Ilisikika televisheni na watu wakishangilia mpira.

"Yuko kwenye kochi, mnafiki huyu!" bibi aliiambia simu iliyokwisha kukatwa.

Jumapili kila mahali palifungwa. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Mji mzima uliwasha mioto mbele ya milango na kuchoma mahindi. Kauane alicheza mstari wa mbele kama alivyotamani, akakosea hatua mara tatu, na hakuna aliyemcheka kwa sababu uso wake haukualika kicheko.

Jumanne asubuhi Mwalimu Ednaldo alimwita pembeni. "Ipo ofisi ya kutetea wanunuzi, nyuma ya jengo la manispaa. Mlikwenda?"

"Hatukujua, mwalimu."

"Nendeni leo. Msingoje kesho."

Walifika saa nane mchana. Ofisini alikuwapo mwanamke mmoja mnene, Bi Socorro, na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Bibi alipoanza kusema "mtambo wa maji," Bi Socorro aliinua mkono.

"Maji yaliyogeuka kahawia? Kijana mwenye shati zuri?"

"Huyo huyo!"

"Mama, mwezi huu wewe ni wa nne." Alishusha pumzi kama mtu aliyechoka kuufagia uwanja ule ule. "Ulisaini lini?"

"Jumanne iliyopita," alijibu Kauane. "Tarehe kumi na nane."

Bi Socorro aliangalia kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole, akaruka kutoka kwenye kiti kwa wepesi usiotarajiwa. "Leo ni siku ya saba! Sikilizeni. Muuzaji akikufuata nyumbani, sheria yetu inakupa siku saba za kubadili mawazo. Dukani unakwenda mwenyewe ukiwa umeshafikiri. Mlangoni unashtukizwa. Kwa hiyo huhitaji kutoa sababu. Unasema sitaki, basi. Wanakuja kuchukua mzigo wao kwa gharama yao, na wanakurudishia hela yote."

"Lakini boksi limefunguliwa," alisema Kauane. "Na ukurasa wa nne unasema..."

"Ukurasa wa nne umeandikwa na nani, na malaika? Mkataba hauwezi kufuta sheria. Sasa, mmeshawaandikia kwamba mnavunja mkataba?"

"Tumepiga simu mara kumi na moja!" bibi alisema.

"Simu ni upepo, mama. Nani atashuhudia ulichosema? Wanawazungusha makusudi mpaka siku saba ziishe, kisha wanawaambia mmechelewa. Mtoto, unaandika vizuri? Shika kalamu."

Kauane aliandika jina la bibi, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, na kwamba wanauvunja ndani ya siku saba kama sheria inavyoruhusu. Bibi alisimama nyuma yake.

"Ongeza kwamba yule kijana ni kunguru."

"Bibi!"

"Kunguru mwizi wa vifaranga. Andika."

"Hilo halimo kwenye sheria, mama," alisema Bi Socorro bila kucheka. "Ingawa ni kweli tupu. Tuliache."

Bi Lindalva alisaini. Bi Socorro alipiga nakala tatu: moja ya kumbukumbu za ofisi, moja atakayoipeleka benki mwenyewe ili pensheni isiguswe, na moja ya bibi. "Barua yenyewe ikimbizeni posta. Iende kwa rejista, na mpewe risiti yenye tarehe ya leo. Posta inafungwa saa kumi na moja."

Posta kulikuwa na foleni kama ya msiba. Mzee mmoja mbele yao alikuwa akituma jibini kwa binti yake na hakukubaliana na bei. Alibishana na karani, akafungua kifurushi, akapunguza jibini moja, akakifunga tena. Kauane alikuwa akisaga meno. Saa kumi na dakika hamsini na mbili karani aliipokea barua, akagonga mhuri. Kauane hakuondoka dirishani mpaka alipoisoma tarehe kwenye risiti, siku, mwezi na mwaka, kisha akairudia kwa sauti ili bibi aisikie.

Siku tisa baadaye Genivaldo alirudi. Hakupiga mluzi. Alisimama mlangoni juani, na karatasi moja mkononi.

"Nimekuja kuuchukua mtambo, mama. Na hela yako hii hapa. Saini kwamba umeipokea, niondoke, nina haraka."

"Kauane," bibi aliita.

Kauane alikaa kizingitini, akaanza kusoma kwa sauti kutoka juu kabisa. Alisoma jina la kampuni na anwani. Alisoma hata namba ya simu. Genivaldo alifuta jasho. Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"We mtoto, ni karatasi ya kawaida tu! Kila mtu anasaini."

"'Mteja anakubali,'" Kauane aliendelea bila kuinua macho, "'kwamba gharama za usafiri na za matumizi ya mtambo zitakatwa kwenye pensheni yake.'" Akaweka kidole kwenye mstari ule. "Hii nini, kaka?"

"Ah, hiyo huwa inakuwepo tu."

"Basi ifute, isiwepo tena. Ukitaka, tumpigie Bi Socorro aje aisome yeye."

Genivaldo alitazama barabara, akatazama boksi, akachukua kalamu na kuufuta mstari ule, akatia sahihi yake pembeni. Kauane alisoma tena mpaka neno la mwisho. Ndipo bibi alipozihesabu fedha zake, akasaini, herufi baada ya herufi, bila haraka hata kidogo, huku kijana akipumua kwa nguvu kama ng'ombe mwenye kiu.

Alipokwisha kuondoka, Bi Lindalva alikaa kizingitini karibu na mjukuu wake.

"Leo umesoma," alisema.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe ya siku ile."

"Nimeshakusamehe, lakini nisikilize, maana sitarudia. Yule kijana alinidanganya, na mimi simjui, wala yeye hanijui. Mungu atajuana naye. Wewe uliniambia ni sawa, na hukujua kama ni sawa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si mtambo. Ungesema, 'Bibi, nina haraka, tusome jioni,' ningemwambia kijana aje kesho." Akamshika mkono. "Kitu ulichonunua mlangoni, serikali inakupa siku saba za kukirudisha. Neno ulilompa mtu anayekuamini, mwanangu, huna hata siku moja ya kulirudisha. Likishatoka limetoka."

Kauane aliinamisha kichwa. Hakujitetea kwa ngoma wala kwa kodiani, na bibi hakuhitaji kusikia zaidi.