Bihogo na Pipa la Udongo

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, wanafunzi wa darasa la tano walishuka kutoka mtaa wa Majengo, mjini Goma, hadi soko la Kituku ufukweni kuteka maji ya ziwa. Walikwenda kwa makelele na kurudi kimya, maana bido, dumu la maji la lita kumi, halipendi mazungumzo, na mawe ya volkano hayamhurumii mwenye kandambili. Wa kwanza kufika shuleni alikuwa Domitille Mukamazimpaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, tena mkaidi, na hakuna mvulana aliyewahi kumpita kwenye mwinuko ule.

Maji hayo hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya kulainishia udongo. Goma ukichimba unakutana na jiwe. Udongo laini wa kufinyanga utautafuta mpaka uchoke. Ule wa shuleni uliletwa na karakana ya wachongaji ya Kituku, kutoka upande wa Rutshuru, juu ya lori la maharage. Mkuu wa karakana alikuwa Papa Buhendwa, mzaliwa wa Bukavu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa amepatana na Mama Marcelline, mkurugenzi wa shule: karakana itoe udongo, vifaa na mwalimu, shule itoe chumba, maji na watoto wenye nidhamu. Wangejaribu muhula mmoja. Maonyesho ya mwisho yakienda vizuri, wangetia sahihi mapatano ya miaka mitatu.

Muhula haujafika nusu, vita vilifunga barabara ya Rutshuru. Lori halikuja tena. Walikuja watu, magodoro kichwani na watoto mgongoni, na darasa la sita likawa nyumba ya familia tisa. Udongo uliobaki ulikuwa ule wa pipa la bluu tu.

"Musikilize," Papa Buhendwa aliwaambia wanafunzi. "Kila Jumamosi mutafinyanga, na mangaribi mutavunja na kurudisha ku pipa. Ile itakuwa muzuri kabisa, tutaitolea kalibu, kisha tumwange ndani simenti na muchanga wa volkano. Simenti itabakia. Udongo utarudi. Huu udongo ni wa bote."

Kisha, ili wasidhani anatania, alianza kuupima udongo wote kila Jumamosi asubuhi, ndoo kwa ndoo, kwa mizani ya kupimia samaki.

Domitille alielewa vizuri. Tatizo lake halikuwa kuelewa. Tatizo lake lilikuwa Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa baba yake kule Masisi, mwekundu wa kukoza, pembe yake ya kushoto imepinda kidogo. Usiku mmoja watu wenye bunduki walichukua ng'ombe wote kumi na wanne, na familia ikakimbilia Goma. Sasa baba yake, Papa Valentin, alibeba magunia ya watu pale Kituku. Tangu wafike, hakuwahi kutaja jina la ng'ombe hata mmoja. Zamani aliwaita jioni kwa majina, mmoja mmoja, na Domitille alilala akiisikia sauti hiyo. Alitaka kuisikia tena. Alitaka hilo kuliko viatu vipya.

Jumamosi hiyo mikono yake ilimtii ajabu. Bihogo alitoka kwenye udongo akiwa amesimama, pembe imepinda palepale inapopinda. Jioni ilipofika, wenzake walitupa kazi zao pipani kwa vicheko. Domitille alimfunika Bihogo kwa kitenge, akamweka ndani ya bido tupu lililokatwa juu, akatoka nalo. Alijiambia kwamba ni kuazima tu. Sote tunajua kuazima kwa namna hiyo kunaitwaje.

Nyumbani alimficha chini ya kitanda, akingoja Jumapili, siku baba yake anapopumzika. Lakini Jumapili Papa Valentin aliitwa kupakua mtumbwi, na Jumatatu alirudi na homa. Mvua ilinyesha wiki nzima. Mama aliingiza mbabula, jiko lake la makaa, ndani, akaiweka karibu na kitanda. Bila Domitille kujua, joto la makaa lilimkausha Bihogo upande mmoja.

Jumamosi iliyofuata Papa Buhendwa alipima ndoo ya mwisho, akapima tena.

"Kilo ine zimepunguka," alisema.

Kisha Fortunat, mvulana aliyekuwa na jibu la kila swali hata lisiloulizwa, aliruka juu. "Ni bale wakimbizi ba darasa la sita! Bamepakala udongo wetu ku mbabula zabo. Siku za mwizi ni arobaini!"

Domitille mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alifungua mdomo, akaufunga.

Mlinzi wa shule alikwenda darasa la sita, Mama Marcelline, Papa Buhendwa na watoto wakamfuata nyuma. Mlinzi alianza na Mama Clarisse, mjane kutoka milima ya Masisi, kwa sababu mbabula yake ndiyo iliyokuwa imepakwa udongo. Akafungua furushi lake mbele ya wote: sufuria moja, nguo za mtoto, picha ya ubatizo iliyolowa. Mama Clarisse hakupiga kelele. Alisimama tu, mikono ikining'inia, akitazama vitu vyake vikitandazwa sakafuni.

"Ule udongo wa ku mbabula nilitoka nao kwetu," alisema polepole. "Mbabula yenyewe nilibeba ku kichwa."

Papa Buhendwa aliukwaruza kwa ukucha, akaona kweli ni mwekundu, si wa pipani. Alimwomba radhi, akamgeukia Mama Marcelline. "Mama Directrice, mimi ninasimamisha kazi. Kama tunatafutana mu mafurushi ya bamama, hii si shule ya kuchonga tena."

Hapo ndipo Domitille alipokimbilia nyumbani kwao. Fortunat alicheka, akidhani anaogopa. Lakini Domitille alirudi akihema, bido limekumbatiwa kifuani, akapita katikati ya wote mpaka mbele ya Mama Clarisse.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilichukua. Mama, unisamehe. Niliona banapekua furushi yako, nikanyamaza."

Alitoa kitenge. Bihogo alikuwa na ufa kutoka shingoni hadi mkiani, na miguu miwili ilikuwa imevunjika wakati wa kukimbia. Domitille alilia, na sitasema ni kwa ajili ya aibu tu. Alilia pia kwa ajili ya ng'ombe.

Mama Marcelline alitaka kuanza kukaripia, na alikuwa na haki yake. Papa Buhendwa aliinua mkono taratibu. "Kwanza amalize kazi yake. Mutoto, unajua inapaswa kwenda wapi."

Domitille alijua. Alimtazama Bihogo kwa mara ya mwisho, akachukua nyundo ya mbao, akampiga. Akapiga tena mpaka vipande vikawa vidogo kama maharage. Kisha akavitia pipani, kiganja kwa kiganja, na maji yakavimeza kwa mapovu.

"Udongo mukavu ndio unakunywa maji vizuri," alisema Papa Buhendwa. "Kesho kutwa utakuwa laini. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maonyesho itakuwa kisha juma ine. Kazi itaendelea, nitakuja. Lakini wewe utateka maji ya darasa muzima, na kila mangaribi utakuja kusaidia huyu mama."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoendelea. Kila jioni Domitille alichota maji, akamchambulia Mama Clarisse sombe, yaani kisamvu, akambeba mtoto wake. Siku ya nne mama yule aliuliza, bila kugeuka, "Ile ng'ombe yako, kwa nini ulimusimamisha?"

"Si ng'ombe anasimama, Mama?"

"Anasimama akiogopa." Mama Clarisse alifuta mikono. "Ng'ombe mwenye kushiba analala. Anacheua. Akisikia mutoto wake, anageuza shingo, hivi." Akageuza shingo yake mwenyewe, taratibu, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu aliye kwao.

Jumamosi Domitille alifinyanga ng'ombe aliyelala, miguu imekunjwa chini ya tumbo ili isivunjike. Shingo ilikataa. Akaivunja. Wiki ya pili akaivunja mara nne, wenzake wakaenda nyumbani, na Fortunat akabaki kumlowanishia kitambaa cha kulainishia udongo huku akijifanya ametafuta tu kivuli. Jumamosi ya tatu shingo ilikubali. Papa Buhendwa alizunguka meza mara mbili, akasema neno moja tu: "Kalibu."

Siku ya maonyesho, kazi sita za simenti nyeusi zilipangwa uani juu ya mawe. Wazazi walikuja, na familia za darasa la sita zikakaa mbele. Papa Valentin alifika moja kwa moja kutoka Kituku, gunia tupu begani. Alipita kazi ya kwanza, ya pili. Mbele ya ya tatu alisimama. Aliweka kiganja kwenye pembe iliyopinda, akakipitisha shingoni mpaka mgongoni.

"Bihogo," aliita.

Sauti ilikuwa ileile. Kisha akataja na wengine, mmoja mmoja, mpaka wakatimia kumi na wanne, na hakuna aliyemkatiza. Domitille alisimama kando akiwahesabu kwa vidole, machozi yakimtiririka.

Mama Marcelline na Papa Buhendwa walitia sahihi mapatano yao juu ya dawati la darasa la tano. Baadaye mkurugenzi aliwakusanya wanafunzi. "Kukosa, kila mtu hukosa," alisema. "Lakini ukikosa ukanyamaza, kuna mwingine anayefunguliwa furushi lake mbele ya watu kwa ajili yako. Domitille alichelewa kusema, na kuchelewa kwake kulimuumiza mama huyu. Alipozungumza, alirudisha alichochukua, akafanya kazi mpaka ikakamilika. Ndiyo sababu leo tumetia sahihi. Mshike hilo."

Walipokuwa wakitoka, Papa Valentin alimuuliza binti yake, "Na ile ya udongo iko wapi?"

Domitille alionyesha chumba cha kufinyangia. Mlangoni alionekana Lucie, mtoto wa darasa la nne, amepiga magoti karibu na pipa la bluu, akifinyanga samaki kwa udongo uleule.

"Ilirudi ku pipa, Papa."

Papa Valentin alimtazama yule mtoto na samaki wake, akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Masisi.

"Basi," alisema, "Bihogo amezaa."