Aliye Karibu Amnyonyeshe

Tuntufye alirudi kutoka shambani akiwa ameshiba, na mama yake alikuwa hajamnyonyesha tangu asubuhi.

Atuganile aligundua alipomfungua mgongoni na kumpa ziwa. Mtoto aligeuza uso. Hakulia wala hakunung'unika; aligeuza uso kama mgeni aliyekwisha kula alikotoka. Kinywa chake kilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Atuganile akamfuta kwa ncha ya kitenge, akamlaza, akaenda kusonga ugali. Mumewe, Gibson, alikuwa Tunduma akipakua malori, na hapa Iyula msimu wa kuchuma ulikuwa umepamba moto. Mtu aliyechoka haulizi kwa nini mtoto hamsumbui.

Tena maziwa yake yalikuwa yamepungua. Alichuma tangu umande haujakauka, akala alipokumbuka. Akijikamua, yalitoka matone.

Ikawa hivyo siku zote. Humlaza mtoto mwisho wa mstari wa mikahawa, huingia kuchuma, na akirudi humkuta ametulia, kidevu kimelowa. Alifurahi? Hata hakumbuki. Alishika tu ndoo yake na kuendelea.

Kliniki, nesi Erica alimtundika mtoto kwenye mizani, akatazama mara mbili.

"Huyu unamlisha nini, mama? Wenzake msimu huu wote wamekonda."

"Ziwa tu."

"Basi wagawie na wenzako."

Kisha akamlaza mtoto kitandani, akamwambia Atuganile amwite. Atuganile akaita. Mtoto alikuwa akitazama dirishani. Akaita tena, kwa nguvu kidogo. Mtoto wa miezi minne huigeukia sauti ya mama yake hata akiwa na usingizi. Huyu alilichekea dirisha, na dirishani hapakuwa na mtu.

Erica akapiga kofi kando ya sikio lake. Mtoto akashtuka.

"Anasikia vizuri," alisema. "Ila wewe hakujui." Akacheka kidogo kulipoza neno. "Ongea naye zaidi, mama. Mwimbie."

Nyumbani, mama mkwe wake, Tulinagwe, alikuwa akipukuchua maharage barazani. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Siku ile ya kwanza aliporudi ameshiba, nani alikunyonyeshea?"

Manesi hawaipendi desturi hiyo, na sababu wanazo, lakini wanawake waliochuma pamoja kwenye mashamba yale ya juu hawakuiacha. Mtoto akilia mwisho wa mstari na mama yake yuko mbali, mama hupaza sauti: aliye karibu amnyonyeshe. Mwenye ziwa aliye jirani huitika, humpa, huendelea na kazi. Wala huendi kutazama ni nani. Siku yako ikifika, nawe utampa wa mwenzako.

"Niliita, nikaitikiwa," Atuganile alisema.

"Na nani?"

"Sikutazama, Mama. Ilikuwa ile siku mliposhuka mashineni kumenya kahawa."

Tulinagwe akaacha maharage.

"Tulishuka wote, mama Tuntufye. Kule juu ulibaki peke yako."

Atuganile alijaribu kuogopa, lakini mwili haukuwa na nguvu za kuogopa. "Basi ni jini," alisema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

"Jini au nani, ulimwita mwenyewe. Hakuiba. Amekunyonyeshea hadi mtoto amekuwa wake, na wewe wa kwake hujamnyonyesha." Akapangusa mikono. "Kesho tunapanda. Na neno hili lisifike kanisani. Mimi ni mama wa kwaya."

"Nikikataa?"

"Utabaki na mtoto mnene asiyekujua."

Walipanda jua likiwa utosini, wakati wachumaji wengine wameteremka kula. Tulinagwe akambeba mtoto, akasimama nje ya mstari. Atuganile akaketi kwenye majani makavu, kifua wazi, akatazama mbele.

"Nimekuja, mama mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini. "Umenisaidia. Mwanangu namchukua. Wa kwako mlete."

Ndege walinyamaza. Ikaja harufu ile ya maganda yaliyochacha, kwanza nyembamba, kisha nzito mpaka machozi yakamtoka, na nyuma yake akasikia majani yakikanyagwa na miguu isiyo na haraka, hatua ya mtu aliyebeba mzigo na asiyetaka kuuamsha, ikasogea, ikasimama begani kwake, na kivuli kilichoangukia mapajani mwake kilikuwa kirefu ingawa jua lilikuwa juu kabisa na hata kivuli chake mwenyewe hakikuonekana, na kutoka ndani ya kivuli hicho kitu kizito, chenye baridi ya mawe ya mtoni, kikawekwa mikononi mwake kwa upole, kwa upole uleule ambao yeye mwenyewe humlaza Tuntufye, na kinywa kikatafuta, kikapapasa, kikashika.

"Usiangalie chini," Tulinagwe alinong'ona kutoka nje ya mstari.

Hakuangalia. Alihesabu matunda mekundu kwenye tawi la mbele yake, akakosea, akaanza upya. Maziwa ambayo hayakuwapo yalishuka, yakamvuta mpaka mgongoni. Alitulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

Kisha mikono ikawa mitupu.

"Asante, jirani," sauti ya mwanamke ilisema karibu na sikio lake. Ilikuwa sauti iliyochoka, kama yake.

Pale pale Tuntufye akalia. Alilia kilio kikavu cha njaa, kilio ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Atuganile akamwita jina lake mara moja. Mtoto akageuka mikononi mwa bibi yake, akatazama huku na huku, akamwona, akanyoosha vidole.

Waliteremka mpaka kwenye mfereji. Hapo Atuganile akaketi kumnyonyesha, na mama mkwe akaona damu kwenye kitenge.

"Aliuma?"

"Aliuma."

"Watoto huuma," Tulinagwe alisema. "Kwani alikuwa na meno?"

"Yote."

Tulinagwe akachovya ncha ya kitenge chake majini, akakikamua, akamkabidhi.

"Basi mpe wako ziwa lingine," alisema. "Hilo liache lipoe."