Shaba ya Kisima cha Nyambureti

Jumapili, saa saba mchana, Rhobi alitoka kanisani akapitia bombani Nyambureti. Bomba halikutoa hata tone, ingawa asubuhi lilitoa maji. Alipochungulia ndani ya uzio wa sola alipiga yowe: nyaya za shaba zilizoshuka kisimani zilikuwa zimekatwa zote.

Koplo Agness wa polisi alifika kutoka Mugumu saa nane na nusu. Kufuli la geti lilikuwa zima; Nashoni, mwenyekiti wa kamati ya maji, akalifungua. Agness aliingia peke yake, akafungua kisanduku cha swichi. Swichi ilikuwa imezimwa, mpini wake umevunjika. Akakifunga, akatoka.

"Funguo wanazo akina nani?"

"Mimi na fundi Steven," alijibu Nashoni. "Lakini mimi nimeshinda shambani nikilinda mahindi."

"Basi ni Steven!" Rhobi alifoka. Watu wakaanza kuokota mawe.

Agness aliwazuia, akampigia Steven simu. Alikuwa hospitalini Mugumu tangu alfajiri. Mkewe alikuwa amejifungua. Nesi alithibitisha.

Jumatatu asubuhi Agness alipita shambani kwa Nashoni. Hapakuwa na hindi hata moja, ila nyayo za tembo za siku nyingi. Akaenda nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Zile nyaya zina umeme jua likiwaka. Mwizi hakuogopa shoti?"

"Si alizima swichi! Tena kwa pupa, mpaka akavunja mpini."

"Kisanduku nilikifungua mimi tu, mzee. Habari ya mpini sijamwambia mtu. Na jana ulilinda mahindi gani?"

Nashoni aliinamisha kichwa.

"Tembo walinimaliza, mwanangu. Nikasikia shaba imepanda bei, eti inatakiwa kwa magari ya umeme na mitambo ya sola. Nikaona ipo hapa, na ufunguo ninao."

"Ukakata sola yenu ili wengine wapate yao."

Alikiri kuwa shaba iko Mugumu kwa Frida, mnunuzi wa vyuma chakavu. Agness alimfikisha Nashoni kituoni, akaenda kwa Frida. Alikuwa hajaiuza.

"Niliona ni mpya mno, tena ni nyaya za pampu," alisema Frida. "Nikajua kuna watu wamekosa maji mahali. Chukueni."

Jumanne jioni Steven alimaliza kuziunga nyaya. Maji yalipotoka, Rhobi alimshika mikono yote miwili.

"Nilikusingizia, baba. Nisamehe. Na asante."

"Yameisha, mama. Mwanangu naye atayanywa."

Agness alimpigia Frida, kisha akainua simu juu ili asikie vigelegele.